Barua ya wazi kwa Mwalimu Mkuu: kitabu mmekifungia kabatini, nimsaidie mwanangu kwa kipi?

Kwa:
Mwalimu Mkuu na Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Shule ya Msingi (jina nimeliacha makusudi),
Mbagala, Dar es Salaam.

Nakala: Afisa Elimu Kata.

YAH: KAZI ZA NYUMBANI ZA WATOTO WETU, NA LAWAMA KWAMBA WAZAZI HATUNA MWAMKO

Ndugu Mwalimu Mkuu, Ndugu Mwenyekiti,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nianze na salamu. Hapa barazani kwangu sote wazima, cherehani inazunguka, na mwanangu wa darasa la tano anakuja shuleni kila siku asipokuwa na homa. Mwalimu, unanifahamu. Ile suti ya kitenge uliyovaa kwenye mahafali ya darasa la saba mwaka jana niliishona mimi, na pindo ulilotaka lirudiwe nililirudia bila kukuongezea hata mia. Mwenyekiti naye namheshimu kama kaka yangu. Kwa hiyo anayesoma barua hii asidhani ni ugomvi wa mtu na mtu.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimegonga mwamba. Mwezi wa pili nilimfuata mwalimu wa darasa, akaniambia suala la vitabu liko juu ya uwezo wake. Mwezi wa nne nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yangu ninayo mpaka leo. Jibu sikupata. Mwezi wa sita, kwenye mkutano wa wazazi, nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini vitabu havitoki shuleni. Nikajibiwa kwenye kipaza sauti kwamba wazazi wa huku hatuna mwamko, kwamba mtoto akitoka shule tunamtuma gengeni, tunamwachia tamthilia, halafu matokeo yakitoka tunawalaumu walimu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Njiani kurudi nyumbani ndipo lile neno lilipoanza kunikereketa.

Mwamko. Ngoja niwaeleze usiku mmoja wa mwamko.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tano, wiki ya mvua. Mwanangu yuko zamu ya mchana, akafika nyumbani saa moja kasoro, viatu mkononi. Akaoga, akala, akatoa daftari la Hisabati. Nikavuta kigoda. Ukurasa ulikuwa na tarehe, na chini yake mstari mmoja: "Kazi ya nyumbani. Zoezi la 6, uk. 58, swali la 1 hadi la 10." Swali lenyewe hata moja halikuwepo.

"Kitabu kiko wapi?"

"Kabatini, mama. Mwalimu amefunga."

"Hukunakili maswali?"

"Tulikuwa sita kwenye kitabu, na kengele ikagongwa."

Nikampigia simu mama mmoja ambaye mtoto wake yuko darasa hilohilo. Naye mwanawe alikuja na mstari uleule. Akampigia mwingine, ambaye mdogo wake anafundisha shule nyingine na kitabu anacho. Saa tatu na nusu usiku picha ikaingia kwenye simu yangu. Imepigwa gizani, mwanga umedunda kwenye karatasi ukaacha duara jeupe katikati ya ukurasa. Swali la 1 hadi la 4 yanasomeka. La 5 nusu. La 6 mpaka la 9 yamemezwa na ule weupe, na la 10 tumeliona mkia tu. Tukafanya manne, la tano tukakisia, mtoto akasinzia na kalamu mkononi. Kesho yake alichapwa kwa sababu kazi haikukamilika.

Sijui mlitaka mwamko gani mwingine hapo.

Sasa nayaweka malalamiko yangu moja moja.

1. Vitabu havitoki shuleni.

Hili ndilo kubwa, nitakaa nalo kidogo. Tangu 2016 serikali inatekeleza elimu bila ada, na Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huohuo ukagawa majukumu: mzazi anunue sare, madaftari na kalamu, amlishe mtoto na kumtibu, serikali ilete ruzuku na vifaa vya kufundishia. Sehemu yangu natimiza. Mwanangu ana madaftari saba, yote nimeyavisha majalada ya mabaki ya vitambaa, na sare anavaa iliyoshonwa na mama yake. Kitabu cha kiada ndicho ambacho hakipo kwenye orodha yangu. Kipo kwenye yenu.

Na kabati lenyewe nimeliona. Siku niliyoleta barua mlango wa ofisi ulikuwa wazi: rafu tatu za vitabu vya darasa la tano vimefungwa kamba kumi kumi, kingo nyeupe kama vimetoka kiwandani jana. Mezani kulikuwa na vitabu vya darasa la pili, vimelegea mgongo, pembe zimekunjamana, vimebandikwa gundi mara mbili tatu. Nikajua papo hapo ni darasa gani linasoma.

Mtaniambia Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni na kuvisoma ni bure. Ni kweli, kijana wa duka la vocha alinionyesha, na nawapongeza waliofanya hivyo. Lakini simu yangu ina kioo kilichopasuka, bando ni la siku, na simu hiyohiyo ndiyo napokelea oda za wateja. Mzazi mwenye kitochi hata hapo hafiki.

Kuna jambo jingine linaloniharakisha. Mwanangu ni wa lile kundi lililoanza darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza. Ndio watoto watakaomalizia msingi darasa la sita mwaka 2027, sambamba na kaka na dada zao wa darasa la saba. Maana yake hajabakiza hata mwaka mmoja na nusu. Na kilichomo kwenye vitabu hivyo mimi sikukisoma. Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili: majina yenyewe ya masomo ni mapya kwangu, sisi tulikuwa na Maarifa ya Jamii. Hisabati ndiyo najikongoja. MAGAZIJUTO bado iko kichwani: mabano kwanza, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. KDS na KKS (kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika) nikionyeshwa mfano mmoja tu zinanirudia. Huo mfano mmoja ndio uko kabatini.

2. Kazi hazisahihishwi.

Nimehesabu. Kuanzia Januari mpaka likizo ya mwezi wa sita, daftari la Hisabati lina kazi za nyumbani 31. Zilizosahihishwa swali kwa swali ni 9. Kumi na nne zina vema moja ndefu iliyochorwa kutoka juu hadi chini ya ukurasa, ikapita hata juu ya swali ambalo mtoto ameandika 7 mara 8 ni 54. Nane hazijaguswa. Nilipomwambia mwanangu kwamba 7 mara 8 ni 56 alinibishia: "Mama, mwalimu amenipa vema." Nikanyamaza. Ningemwambia nini, kwamba mwalimu wake hakusoma alichokitia vema?

Kwenye kazi yangu, mteja namwita ajaribu nguo kabla sijafunga pindo. Asipojaribu, sijui kama bega limekaa au linaning'inia, na nitalirudia kosa hilohilo kwenye gauni linalofuata. Kwa mtoto ni hivyohivyo, tena vibaya zaidi, kwa sababu yeye ana hakika kwamba bega limekaa.

3. Fimbo kwa kazi isiyokamilika.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 nimesomewa na mtu anayezijua. Kiboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito. Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Visizidi vinne. Na kila mara viandikwe kwenye daftari maalumu. Kutojibu swali la 7 ambalo mtoto hakuwahi kuliona, utovu wa nidhamu uko wapi? Naomba, kwa heshima, tuonyeshwe hilo daftari.

Na fimbo hiyo imezaa nini? Mwalimu, siku moja pita saa tano na nusu asubuhi, kabla zamu ya mchana haijaingia, chini ya ule mwarobaini ulio nje ya geti. Utawakuta watoto ishirini wamechuchumaa wananakili daftari la mwenzao mmoja, haraka haraka, mpaka makosa yake. Mwenye daftari analipwa ubuyu. Hayo ndiyo matokeo, wamejifunza kukwepa fimbo. Hisabati imebaki palepale.

4. Twisheni.

Hapa napima maneno, kwa sababu najua walimu nao wana watoto na kodi ya nyumba. Lakini mtaani sote tunajua kwamba maswali ya kazi ya nyumbani huandikwa yote kamili, na kutolewa mfano, kwenye twisheni, kwa shilingi 500 kwa siku. Asiyelipa anaondoka na ule mstari mmoja. Siku tano ni 2,500, mwezi ni 10,000. Ruzuku iliyowekwa wakati elimu bila ada inaanza ilikuwa 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka mzima. Mzazi analipishwa kwa mwezi mmoja kile ambacho serikali ilikipanga kwa mwaka, na analipishwa ili aone swali.

Sisemi twisheni ifungwe. Nasema kazi ya darasani ikamilike darasani, twisheni iwe ya anayetaka ziada.

5. Kundi la WhatsApp. Kazi inatumwa saa tatu usiku, wengine hatuna bando na wengine hawana simu ya kuingilia humo. Asubuhi inahesabiwa kwamba "wazazi walitaarifiwa".

6. Mikutano ya wazazi huitwa Jumatano saa nne asubuhi. Mama lishe yuko jikoni, kondakta yuko garini, mimi niko na mteja anayetaka sare yake ya harusi kesho. Tukikosa, tunaandikwa hatukuhudhuria.

Najua majibu yenu, mengi nimeshayasikia.

Mtasema vitabu vitapotea. Vingine vitapotea, ndiyo. Vingine vitamwagiwa uji. Lakini wateja wananiachia vitambaa vya laki na nusu, na kinachowalinda ni kaunta buku langu: jina, tarehe ya kuleta, tarehe ya kuchukua, sahihi. Kwa miaka kumi na mmoja nimepoteza kitambaa kimoja, na nilikilipa. Mpeni mzazi kitabu kwa sahihi yake, mwambieni akikipoteza anakilipa, muone kama hatakifunga kwenye khanga kama cheti cha kuzaliwa. Na wala sidai kila mtoto apate chake. Watoto wa mtaa mmoja wanajuana. Watatu wakikaa nyumba tatu jirani, kitabu kimoja kinawatosha kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu asubuhi.

Mtasema watoto ni wengi na walimu ni wachache. Hapo niko upande wenu kabisa. Utaratibu wa nchi unataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na darasa la mwanangu lina 128. Mwalimu akisahihisha maswali kumi ya kila mmoja ni maswali 1,280 kwa somo moja, kwa siku moja. Hakuna binadamu wa kufanya hivyo na mimi simdai. Lakini basi kwa nini yatolewe kumi? Toeni matatu. Toeni mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Watoto wabadilishane madaftari, mwalimu aandike majibu ubaoni na njia yake, wasahihishane, yeye apitie madaftari ya safu moja leo na safu nyingine kesho. Sisi tulisoma hivyo, na madarasa yetu nayo yalikuwa yamejaa.

Mtasema, na hili ndilo lililonichoma, kwamba hata vitabu vikija nyumbani mzazi aliyeishia darasa la saba atamsaidia nini mtoto. Naomba kulijibu hili kwa kirefu, kwa sababu nadhani hapo ndipo tunapopishana.

Nyumba ya pili kutoka kwangu kuna bibi anayelea mjukuu wake. Hajui a wala be. Kila jioni, mtoto akipata kitu cha kusoma, wanakaa mkekani, mtoto anasoma kwa sauti na bibi anachambua mchele. Akifika mahali mtoto amebabaisha, bibi anainua kichwa: "Rudia hapo, hapo hapajakaa." Mtoto anarudia, na kweli alikuwa ameruka neno. Bibi herufi hazijui, lakini Kiswahili anakijua, na sentensi iliyovunjika anaisikia kama mimi ninavyoisikia sindano iliyopinda. Baadaye anamuuliza: "Sasa yule sungura alikwenda wapi?" Mtoto akishindwa kueleza, wanarudi nyuma. Huo ndio msaada, na bibi haulipii hata senti. Anachohitaji ni kitu cha kusomwa. Mwezi wa tatu walikuwa wanasoma gazeti lililofungiwa maandazi.

Kwangu mimi tunafanyia kwenye futikamba. Mwanangu alikuwa hazielewi sehemu, robo na nusu zinamchanganya. Jumamosi moja nilikuwa nashona sketi ya mteja mwenye kiuno inchi 30. Nikamwambia: sketi hii ina vipande vinne, kila kimoja kitakuwa inchi ngapi? Akagawa, akapata saba na mbili ikabaki. "Hiyo mbili tuifanyeje, tuitupe? Mteja atavaa sketi isiyofunga." Akaitazama futikamba, akaweka kidole kwenye 7, akakisogeza mpaka kile kimstari cha katikati. "Saba na nusu, mama." Nikamwambia sasa ongeza nafasi ya mshono, nusu inchi kila upande. Akasema nane na nusu. Nikakata kitambaa kwa hesabu yake, mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo ananidai vipimo, mpaka mume wangu anasema nyumba imekuwa ofisi ya ukaguzi.

Muuza vitumbua anaweza kufanya hivyo kwa vikombe vya unga, kondakta kwa chenji, mama wa genge kwa mafungu ya nyanya. Tukijua wiki hii mnafundisha nini, kila mmoja ana mfano wake ndani. Hatujui, kwa sababu kinachokuja nyumbani ni namba ya ukurasa.

Kiingereza ni kweli kinatushinda wengi. Hata hapo nimegundua njia: namwambia mwanangu anifundishe mimi. Ananisimamia na rula kama ninyi, ananisahihisha matamshi, ananicheka. Akikwama kunieleza, najua na yeye hajaelewa, naweka alama ya penseli daftarini ili amuulize mwalimu. Alama hizo ziko kumi na mbili sasa. Sijaona iliyojibiwa. (Huko sekondari, ambako masomo karibu yote yatakuwa kwa Kiingereza, sijui rula hiyo itafika wapi, lakini hilo la siku nyingine.)

Sasa niseme na ya kwetu, maana si haki kuwanyooshea kidole ninyi tu. Tamthilia ya saa mbili ni kweli. Nyumba nyingi tunaishi chumba kimoja na sebule, televisheni ikiwaka mtoto hana pa kukimbilia. Kumtuma gengeni mara nne kwa jioni moja ni kweli, na mara nyingi ni kwa sababu sisi tumesahau kitunguu. Wapo wasichana wanaoosha vyombo vya nyumba nzima mpaka saa nne huku kaka yao amekaa na simu. Na mimi mwenyewe nina kosa la kukiri: mwezi wa kwanza, nikiogopa mtoto asichapwe, kazi moja ya Sayansi niliifanya mimi kwa mwandiko wangu. Alipata vema zote. Hakuna aliyegundua kwamba mwandiko wa daftari umekomaa miaka thelathini kwa usiku mmoja. Lile lilinitia aibu kuliko fimbo, na sijarudia.

Wazazi kumi na saba wa mtaa wetu tumekaa chini ya mwembe wa mjumbe tukakubaliana yafuatayo. Televisheni inazimwa saa moja na nusu mpaka saa mbili na nusu, siku za shule. Hakuna kutumwa baada ya magharibi. Vyombo ni vya wote, wa kiume na wa kike. Luku ikiisha kwa mmoja, mtoto anahamia kwa jirani na daftari lake. Na mzazi anaweka sahihi chini ya kazi kila siku, asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Wiki ya tatu sasa. Haijanyooka, mzee mmoja bado anadai taarifa ya habari ni haki yake, lakini inakwenda.

Hivyo basi, tunachokiomba kwenu ni hiki:

a) Vitabu vya darasa la tano vifunguliwe kamba, vitolewe kwa zamu kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, kitabu kimoja kwa watoto watatu wa jirani, kwa sahihi ya mzazi.

b) Mpaka hilo litakapokamilika, swali lolote la kazi ya nyumbani liandikwe ubaoni lote, na mtoto apewe muda wa kulinakili kabla ya kengele. Namba ya ukurasa peke yake isihesabiwe kuwa kazi.

c) Kazi ziwe chache na zisahihishwe. Alama ya penseli ya mzazi ijibiwe, hata kwa neno moja.

d) Fimbo kwa ajili ya kazi ya nyumbani isimame mara moja.

e) Mkutano ujao wa wazazi uwe Jumamosi au Jumapili mchana, na nusu yake mwalimu wa Hisabati atufundishe sisi, kwa chaki, jinsi mnavyofundisha kugawanya kwa njia ndefu siku hizi. Njia yangu na ya mwalimu hazifanani, na mtoto amekaa katikati hajui amfuate nani.

f) Mtujibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa saba. Jibu likiwa "haiwezekani", lielezwe kwa nini, tujue tunapeleka wapi ombi hili. Nakala ya barua ya mwezi wa nne, yenye muhuri wenu, nitaiambatanisha tutakakokwenda.

Jina langu sikuliweka hapa kwa ajili ya mtoto, si kwa woga wangu. Ninyi mnalijua, liko kwenye ile barua ya kwanza.

Jambo la mwisho. Jana nimenunua kaunta buku jipya, kurasa mia mbili, nimelichora mistari kwa rula ya kukatia vitambaa: namba ya kitabu, somo, jina la mtoto, jina la mzazi, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, sahihi. Majina ya watoto wa mtaa wetu nimeshayajaza, watatu watatu. Jumatatu asubuhi nitalileta ofisini kabla sijafungua baraza. Kazi ya kuandikisha Ijumaa jioni, kama walimu mmechoka, nitakaa getini niifanye mimi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tano, zamu ya mchana,
kwa niaba ya wazazi kumi na saba wa mtaa wetu.